Kidole Gumba, Karatasi, na Uongo Niliomwambia Guka

Wasee, leo nianze na kitu sijawahi kusema hapa.

Nilipoacha chuo, karo ikiwa imegoma na mimi nikagoma nayo, nilijipata kwenye foleni ya kibarua nje ya godauni moja huku Indaa. Siku ya tatu karani akatoka na karatasi. Kurasa mbili, Kiingereza kigumu, herufi ndogo kama siafu. Weka sahihi, songa mbele.

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Guka. Akageuka, akaninong'oneza, "Kijana wa chuo, hii inasema nini?"

Nilikuwa nimeshaisoma. Ilisema ukiumia ukiwa kazini, hilo ni shauri lako. Lakini nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana, karani alikuwa ameniangalia, na mimi nilikuwa na deni la kodi ya nyumba. Nikamwambia, "Ni mambo ya kawaida tu, Guka. Weka."

Akachovya kidole gumba kwenye wino, akaweka. Akanishukuru.

Mwezi uliofuata kreti ilimwangukia mguuni. Alipoenda ofisini kuuliza atasaidiwa vipi, walimtolea karatasi ile na kumwonyesha alama ya kidole chake mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya hicho kidole. Si ya Guka peke yake. Ya kidole gumba cha mfanyakazi Kenya. Na manze, ni ndefu kuliko tunavyofikiria.

Turudi nyuma miaka mia moja na kitu. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, na kufikia 1920 ilikuwa inatekelezwa nchini. Ukishafika umri wa kuandikishwa, unapewa kipande. Ndani yake kuna jina lako, kabila lako, alama za vidole vyako, na rekodi ya kila mwajiri: alikuajiri lini, alikulipa nini, alikuachilia lini. Karatasi hiyo unaiweka kwenye kijikebe cha chuma unachovaa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Sasa fikiria hapo kidogo. Wengi wa hao wanaume hawakujua kusoma. Kwa hivyo unatembea na maisha yako yote shingoni, yameandikwa na mtu mwingine, na wewe ndiye mtu pekee katika hiyo biashara asiyeweza kuyasoma. Boss anaweza kukuandika vibaya, na hutajua mpaka boss wa pili aangalie karatasi na kukufukuza langoni. Akikataa kuweka sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kupata kazi kwingine. Ukiondoka tu bila ruhusa, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai.

Ndiyo maana huwa nakataa mtu akiniambia kutojua kusoma ni shida ya mtu binafsi, ati fulani alikuwa mvivu wa shule. Kwa kipande, kutosoma kwa mfanyakazi kulikuwa faida ya mwajiri. Mfumo mzima uliegemea hapo.

Sasa cheki ni nani walianza kuupinga. Mwaka 1921 kijana kwa jina Harry Thuku alikuwa anapokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali, Nairobi. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye mtambo wa kuchapisha gazeti la walowezi. Yaani kazi yake ilimlazimu kusoma yale mabwana walikuwa wakiambiana. Mishahara ya Waafrika ilipotishiwa kukatwa, yeye na wenzake waliunda chama, wakaandika malalamiko yao kuhusu kipande, kodi na mishahara, na wakapeleka ujumbe wa simu ya maandishi hadi London. Machi 1922 alikamatwa. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na tarehe 16 polisi wakafyatua risasi. Hesabu rasmi ilikuwa watu 21 waliokufa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, mama aliyewapigia kelele wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Leo barabara inayopita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi inaitwa Harry Thuku. Wanafunzi wanapita hapo kila siku wakitafuta chipo.

Miaka sita baadaye, 1928, Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wa gazeti la Muigwithania. Gazeti la wakati huo halikuhitaji kila mtu ajue kusoma. Kilichohitajika ni mmoja anayejua, na wengine wamzunguke awasomee. Kumbukeni hilo, nitalirudia mwishoni.

Halafu kuna kambi za kizuizini za miaka ya 1950. Tunafundishwa kuhusu mateso, na mateso yalikuwepo. Lakini soma alichoandika J.M. Kariuki, aliyezuiliwa kuanzia 1953 hadi 1960. Wafungwa walipanga madarasa yao wenyewe. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Watu waliopigwa mchana walikuwa wanajifunza a, e, i, o, u. Serikali ilidhani imewafungia, na wao wakageuza kambi shule.

Basi uhuru ukaja. Ungefikiri nchi iliyojengwa na watu kama hao ingelifanya hili jambo la kwanza kabisa. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilipitishwa 1966, lakini moto wenyewe uliwashwa baadaye. Desemba 1978, miezi michache baada ya kuingia ikulu, Moi alitangaza kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma. Mwaka 1979 idara maalum ikaundwa, walimu wakaajiriwa kwa maelfu, na zaidi ya watu 400,000 wakajiandikisha. Uliza shosho yako kuhusu ngumbaru. Madarasa chini ya mti, kanisani, kwenye shule ya msingi watoto wakishaenda nyumbani. Wengi wa waliohudhuria walikuwa kina mama. Lengo lilikuwa ujinga uishe ndani ya miaka mitano.

Haukuisha. Miaka ya 1980 pesa za serikali zilibanwa, walimu wengi walikuwa wa kujitolea wakilipwa kishukrani tu, na idadi ya wanafunzi ikaporomoka. Mwaka 2006 serikali ilipofanya utafiti wa taifa, ilipata kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima, takriban milioni 7.8, hawakuwa wamefikia hata kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Waliofika kiwango kinachotakikana hasa walikuwa asilimia 29.6. Hiyo ni zaidi ya miaka arobaini baada ya uhuru.

Na neno ngumbaru lenyewe likageuka tusi. Sisi wenyewe tunalitumia. Msee akikosea tahajia kwenye maoni, "enda ngumbaru." Mimi pia nimewahi kuliandika.

Kwa jirani walijaribu njia nyingine, na hapa ndipo ninapotaka tutulie. Tanzania, Nyerere alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Lakini hata kabla ya hapo, kuanzia 1968, kulikuwa na mradi wa majaribio huko Mwanza na mikoa ya kando ya ziwa, ukisaidiwa na UNESCO. Vitabu vyao havikuanza na "baba ana kikombe." Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba. Mvuvi, kitabu cha uvuvi. Wa ndizi, kitabu cha migomba. Ukimaliza somo umejua herufi, na pia umejua kupima shamba au kuhesabu malipo yako. Mwaka 1973, chini ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa, likatoka agizo kwamba sehemu za kazi nazo ziwe na elimu ya wafanyakazi. Elimu ikamfuata mtu kazini, badala ya kumngoja afike nayo.

Kwa takwimu zao, wasiojua kusoma walishuka kutoka kama asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975, kisha karibu 10 mwaka 1986. Sisemi kila kitu kilikuwa shwari. Watu walisahau walichosoma pale vitabu na magazeti vilipokosekana vijijini, na uchumi wao uliyumba kama wetu. Lakini wazo lilikuwa sawa: mtu mzima hajifunzi herufi kwa sababu ya herufi. Anajifunza kwa sababu kuna kitu anataka kusoma.

Muulize Kimani Maruge. Januari 2004, akiwa na miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, na kinyasa na soksi ndefu. Dunia ilimcheka kwa upendo, wakamtengenezea hadi filamu. Lakini sababu zake hazikuwa za kuchekesha. Alitaka kujisomea Biblia, aone kama wahubiri wanasema ukweli. Na alitaka kujua hesabu, ili pesa zozote za fidia ya wapigania uhuru zikija, asiibiwe. Mzee hakuwa anatafuta cheti. Alikuwa anajilinda.

Sasa nirudi kwa Guka.

Baada ya yale yote nilienda kusoma Sheria ya Ajira ya 2007. Iko bure mtandaoni. Kifungu cha 9 kinasema mfanyakazi anaweza kukubali mkataba wa maandishi kwa kidole, lakini mbele ya mtu ambaye si mwajiri wake. Na kama hajui kusoma, au haelewi lugha iliyotumika, mwajiri lazima ahakikishe ameelezewa kwa lugha anayoielewa. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Guka alikuwa na haki. Kitu alikosa ni mtu wa kumsomea, na mtu huyo alikuwa amesimama nyuma yake kwenye foleni akiwa na miaka miwili ya chuo kikuu kichwani.

Nilimtafuta. Simu yake haipatikani, na waliomjua wanasema alirudi ushago.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, darasa liende kazini. Mjengo, shamba la maua, godauni, stendi ya bodaboda. Saa moja ndani ya muda wa kazi, na somo la kwanza liwe mkataba wake na karatasi yake ya mshahara. Mwajiri akisema ni gharama, aulizwe amekuwa akipata faida gani kwa mfanyakazi asiyesoma.

Pili, hili halingoji serikali. Wengi wetu tunaosoma hapa tumemaliza fomu four na hatuna kazi. Tuko kwenye foleni zile zile na kina Guka. Mzee akikuuliza "hii inasema nini," soma. Soma kwa sauti, kama walivyosomeana gazeti 1928, wa nyuma nao wasikie. Unaweza kupoteza kibarua cha siku hiyo. Mimi changu nilikihifadhi, kikaisha baada ya miezi minne, na sikumbuki hata nilinunua nini na hizo pesa.

Alama ya kile kidole ndiyo nakumbuka.

Nani nyumbani kwenu alipitia ngumbaru? Muulize leo jioni kitu cha kwanza alichosoma mwenyewe kilikuwa nini, halafu uje uniambie.