Bembea ya farasi wa mbao: ni nani aliyeruhusiwa kupanda?

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua bembea ya kuzunguka, ile yenye farasi wa mbao waliopangwa juu ya jukwaa la duara. Tuseme inamaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 12. Farasi wa safu ya nje yuko mita 5 kutoka katikati, wa safu ya ndani yuko mita 3. Nani ana kasi zaidi?

Kanuni unaijua tangu shule: 2 × 3.14 × nusu kipenyo. Wa nje anakata mita 31 na ushee, wa ndani kama mita 19, na wote wanatumia sekunde zilezile 12. Kwa hiyo wa nje ana mbio zaidi. Lakini hata akiwa na mbio kiasi gani, hamwachi mwenzake. Piga teke farasi wako, mvute kamba, mpigie kelele: aliye mbele hutamfikia na aliye nyuma hatakufikia. Ni mbio zisizo na mshindi. Ndiyo maana historia ya mashine hii inashangaza kidogo, kwa sababu kwa muda mrefu suala kubwa lilikuwa langoni: nani anaruhusiwa kupanda na nani abaki nje akitazama.

Asili yake ni mchezo wa vita wa wakubwa. Huko Ulaya, wapanda farasi wa kifalme walifanya maonyesho ambamo mtu alikimbiza farasi akiwa na mkuki na kujaribu kuutumbukiza kwenye pete iliyoning'inizwa. Maonyesho makubwa zaidi yanayokumbukwa yalifanywa Paris mwaka 1662 na mfalme Louis XIV, na uwanja yalipofanyika unaitwa Place du Carrousel mpaka leo. Ili kufanya mazoezi bila kuchosha farasi wa kweli, watu walitengeneza farasi wa mbao waliofungwa kwenye miti inayozunguka nguzo ya katikati. Polepole zoezi hilo likageuka burudani. Ile pete nayo haikupotea. Kwenye bembea nyingi za zamani za Marekani, mpandaji wa safu ya nje alinyoosha mkono kuchomoa pete, na aliyepata ya shaba nyeupe au njano alizawadiwa mzunguko wa bure.

Shida ilikuwa nguvu ya kuizungusha. Mwanzoni walizungusha watu, punda na farasi, kwa hiyo bembea ilibaki ndogo na nyepesi. Aliyebadilisha mambo alikuwa fundi wa zana za kilimo. Frederick Savage alikuwa na karakana katika mji wa King's Lynn, mashariki mwa Uingereza, akitengeneza mashine za mvuke kwa ajili ya wakulima. Katika miaka ya 1860 akaanza kutumia mvuke huohuo kuendesha bembea za maonyeshoni. Yaani injini ya shambani ikaenda sherehe.

Msomaji wa Madibira hapa hahitaji mchoro. Ukisimama karibu na pawatila wakati wa kuandaa majaruba, ndani ya injini ile pistoni inapanda na kushuka, krenki inageuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka, na tairi zinakwenda. Bembea ya farasi inafanya kinyume chake. Jukwaa linazunguka, gia zilizo juu zinazungusha krenki, na kila krenki imening'iniza fimbo yenye farasi. Krenki ikienda juu farasi anapanda, ikienda chini anashuka. Anaonekana anaruka, kumbe ni krenki ileile tunayoifahamu, imepewa kazi ya kufurahisha watoto.

Mvuke ulifanya bembea iwe kubwa, na ukubwa uliifanya iwe rahisi kulipia. Ikibeba watu wengi kwa mara moja, kila mmoja anatoa sarafu ndogo tu. Mchezo wa wafalme ukawa wa vibarua. Mahali ulipopamba moto zaidi ni ufukweni mwa Coney Island, karibu na New York. Charles Looff, mhamiaji aliyezaliwa Holstein mwaka 1852, alifika Marekani mwaka 1870 akafanya kazi kwenye kiwanda cha samani. Akawa anachonga wanyama wa mbao baada ya saa za kazi, na mwaka 1876 akasimika hapo ufukweni bembea ya kwanza ya Coney Island. Baadaye alitengeneza nyingine nyingi, na ile ya mwaka 1911 iliyoko ufukweni mwa Santa Cruz, California, bado inabeba watu.

Basi, je, kila mwenye sarafu alipanda? Hapana. Bustani nyingi za burudani za Marekani zilifungwa kwa watu weusi, na si za kusini pekee. Glen Echo, nje kidogo ya jiji la Washington, ilikuwa na bembea nzuri iliyotengenezwa na kampuni ya Dentzel mwaka 1921. Tarehe 30 Juni 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard waliingia humo wakiwa na tiketi mkononi, wakapanda farasi na kukaa kimya. Mlinzi akamuuliza kiongozi wao, Laurence Henry, ni wa rangi gani. Henry akamjibu kwamba yeye ni wa jamii ya binadamu. Wanafunzi watano walikamatwa kwa kosa la kuingia bila ruhusa. Wenzao wakaendelea kuandamana langoni kiangazi chote, pamoja na wakazi wazungu wa mtaa wa jirani, na msimu wa 1961 bustani ikafunguliwa kwa wote. Kesi ya wale watano ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1964 hukumu dhidi yao ikafutwa.

Gwynn Oak, pembeni mwa Baltimore, ilichelewa zaidi. Mwezi Julai 1963 mamia ya waandamanaji walikamatwa hapo, wakiwemo viongozi wa dini. Hatimaye wenye bustani wakakubali kufungua lango tarehe 28 Agosti 1963. Siku hiyo mtoto mweusi wa kwanza kupanda bembea ya pale alikuwa Sharon Langley, ambaye hata mwaka mmoja alikuwa hajafikisha. Baba yake alisimama pembeni akimshikilia. Siku hiyohiyo, mjini Washington, Martin Luther King alikuwa akihutubia umati mbele ya mnara wa Lincoln. Mafuriko ya kimbunga Agnes mwaka 1972 yaliiharibu vibaya bustani ya Gwynn Oak, ila bembea ikanusurika, na mwaka 1981 ikahamishiwa kwenye uwanja mkubwa wa Washington. Ukitoka hapo unaweza kutembea kwa miguu mpaka kwenye mnara ule.

Ukiona mambo haya ni ya huko mbali, angalia hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Wakati wanafunzi wa Howard wanakaa juu ya farasi wa mbao, shule za Tanganyika zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Iringa ilikuwa na shule ya kifahari ya St Michael's and St George's, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mwaka 1962, baada ya Uhuru, utaratibu wa shule za rangi ulifutwa. Majengo yale yakawa Shule ya Mkwawa, na leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambako watoto wa wakulima wa mpunga wanasomea ualimu wa fizikia na hesabu.

Krenki haimuulizi mtu rangi wala ukoo. Inazunguka kwa yeyote aliyekaa. Darasa nalo ni hivyo hivyo: kanuni ya duara haibadiliki kwa sababu ya anayeisoma. Anayebagua ni mwenye funguo za lango, na lango hufunguka pale watu wanapokataa kuondoka. Kwa hiyo tunapojivunia mashine mpya, iwe ya kukoboa, ya umwagiliaji au kompyuta ya shule, kujua inavyofanya kazi ni nusu tu ya somo. Nusu ya pili ni kuuliza nani amebaki nje ya uzio.