Wala Shaba wa Likasi na Kambove

Kabla ya kampuni ya migodi ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, shaba ya vilima vya Likasi na Kambove ilikuwa mikononi mwa wahunzi Wasanga na Wayeke, waliojulikana kama "wala shaba". Walingoja kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Malakiti, lile jiwe la kijani, lilipangwa pamoja na makaa katika tanuru la udongo wa kichuguu. Mivukuto ya ngozi ya swala ikavuma mpaka shaba ikayeyuka na kutiririka. Nyingine ilimiminwa kuwa misalaba, fedha ya biashara na mahari. Wayeke, wenye asili ya Usumbwa, Tanzania ya leo, waliivuta kuwa nyuzi nyembamba za bangili, na hapo ndipo ufundi hasa ulipoonekana.

Tafadhali usiguse misalaba: jasho la mkono huitia shaba kutu.