Saa ya bukari: kutoka posho ya Union Minière mpaka sukari ya leo

Ku Kolwezi tukisikia mtu ana ugonjwa wa sukari, swali la kwanza ni: anakula nini? Ni swali zuri, lakini halitoshi. Sisi wa kilimo tunajua mbolea haipimwi kwa kilo tu. Hata wakati wa kuiweka una maana. Mwili pia njo vile. Na historia ya mkoa wetu inaonyesha kwamba saa ya kula ilibadilika mara mbili, na mara zote mbili hatukuichagua sisi.

Mbele ya migodi mikubwa, watu wa hapa walilima mtama, ulezi, muhogo na mahindi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville 1910, shaba ya kwanza ikayeyushwa 1911, na reli ile ile ikaleta unga wa mahindi wa kulisha wafanyakazi. Kuanzia karibu 1928 kampuni ikataka mfanyakazi aishi ku kambi na bibi na watoto, akae miaka mingi. Wakagawa posho: unga, maharagwe, karanga, samaki ao nyama, mafuta ya mawese. Haikuwa huruma. Mtu aliyeshiba anachimba zaidi, tena mtoto wake ni mfanyakazi wa kesho. Bukari ya mahindi ikakaa katikati ya meza yetu mpaka leo.

Pamoja na posho ikaja saa ya kampuni. Kiwanda hakilali, basi kazi ikagawanywa kwa poste. Mwenye poste ya usiku anakula wakati wengine wamelala. Hapo mabadiliko ya kwanza.

Ya pili ilikuja na njaa. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, na kampuni ikaanguka haraka. Mishahara ikakawia, posho ikaisha. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Katika nyumba nyingi asubuhi ikabaki chai yenye sukari nyingi, ao bure kabisa, na mchana watu wakatafuta. Jioni, pesa ikipatikana, njo bukari moja kubwa, pengine saa tatu ya usiku, kisha kulala.

Sasa tuangalie damu. Ukila wanga, sukari inapanda, na insulini inaifungulia mlango wa kuingia ku misuli. Asubuhi mlango ule unafunguka vizuri. Usiku unakuwa mzito. Sahani ile ile ya bukari inapandisha sukari zaidi saa tatu ya usiku kuliko saa mbili ya asubuhi. Mwaka 2009 Frank Scheer na wenzake wa Boston waliwageuzia watu saa za kulala na kula, mchana ukawa usiku. Sukari yao ikapanda kwa 6%, hata kama insulini iliongezeka kwa 22%. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwapa wanaume 8 waliokuwa karibu na ugonjwa huu chakula chote ndani ya masaa 6, cha mwisho mbele ya saa tisa ya mchana. Kisha wiki 5 insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi, bila kupungua uzito. Ni watu wachache, lakini inaelekeza kule kule: kukaa masaa mengi bila kula si dawa yenyewe kama chakula chote kinangojea usiku.

Basi mtu asiseme: “Mimi ninakula mara moja tu, nitapataje sukari?” Afazali nusu ya bukari ile iliwe mchana, na ya jioni iwe ndogo, na sombe ao maharagwe mengi.

Na jambo moja la haraka, kwa sababu maombi ya kufunga ni mengi kwetu. Mgonjwa anayetumia insulini ao glibenklamidi asifunge bila kuongea na muganga wake. Dawa inaendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi ao kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari mara moja, kisha hospitali. Akizimia, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni. Mungu hakasiriki kwa kikombe kile.

Ninyi mliopata kazi ku makampuni mapya ya mgodi, mnakaa ku mikutano wakati poste zinapangwa. Wazee wetu hawakuulizwa. Ninyi ulizeni: chakula cha poste ya usiku kinatoka saa ngapi, na ni chakula gani?