Miaka 76 ya Kura za London

Januari 1889 wakazi wa London walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua baraza la kaunti yao. Viti vilikuwa 118. Kila jimbo la ubunge lilitoa madiwani wawili, isipokuwa City, mtaa wa mabenki, uliopewa wanne. Wakaongezwa 19 ambao mwananchi hakuwapigia kura: waliteuliwa na madiwani wenyewe, tena kwa miaka sita badala ya mitatu. Msomaji aliyezoea viti maalumu atauelewa mpango huo upesi.

Chama cha Progressive, kilichoelemea upande wa Liberal, kiliwashinda Moderate, watu wa Conservative. Uenyekiti ukaenda kwa Lord Rosebery, yuleyule aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1894 Uganda ilipofanywa nchi lindwa.

Wanawake wawili walichaguliwa, Lady Sandhurst wa Brixton na Jane Cobden wa Bow and Bromley; wa tatu, Emma Cons, akateuliwa. Mpinzani wa Lady Sandhurst aliyeshindwa alikwenda mahakamani, akadai mwanamke hana haki ya kuwa diwani, akapewa kiti. Cobden alikuwa mjanja zaidi. Sheria haikuruhusu uchaguzi kupingwa baada ya miezi 12, basi akaendelea kukaa barazani bila kupiga kura hadi muda huo ukapita. Alipoanza kupiga kura alishtakiwa, akatozwa faini. Wanawake walingoja hadi 1907 sheria ilipobadilishwa.

Mwaka 1895 vyama vilifungana, 59 kwa 59. Progressive walibaki madarakani kwa sababu tu walikuwa na wateule wengi.

Kilichowaangusha ni mashua. Mwaka 1905 baraza lilizindua huduma ya meli 30 za abiria katika mto Thames, nyingi zikiwa na majina ya watu mashuhuri wa historia ya jiji. Zikala hasara. Katika uchaguzi wa 1907 wapinzani wao, ambao sasa walijiita Municipal Reform, walibandika mabango ya jibaba lililonyoosha kidole likimwambia mpita njia kuwa linataka pesa zake. Walipakodi walielewa. Meli zikaondolewa mwaka huohuo, na Municipal Reform wakatawala miaka 27.

Labour ilishika baraza mwaka 1934 kwa viti 69 dhidi ya 55, ikiongozwa na Herbert Morrison. Bunge lilikuwa likisuasua kutoa fedha za kujenga upya daraja la Waterloo, lililokuwa likititia. Morrison hakusubiri, akaenda mwenyewe kung'oa jiwe la kwanza.

Mwaka 1949 hesabu ya 1895 ikajirudia: Labour 64, Conservative 64, Liberal mmoja, Sir Percy Harris wa Bethnal Green. Conservative walipata kura nyingi zaidi jijini, lakini Labour ikabaki, kwa kura ya uamuzi ya mwenyekiti aliyekuwa akimaliza muda wake.

Baada ya hapo Labour haikushindwa tena. Serikali ya Conservative ikapitisha sheria ya 1963 iliyolifuta baraza na kuunda jipya, lenye eneo pana lililomeza vitongoji vya nje, ambako chama hicho kilikuwa na nguvu. Uchaguzi wa kwanza ukafanyika Aprili 1964. Labour ilipata viti 64 kati ya 100. Madiwani wa kuteuliwa nao walihamia baraza jipya, wakadumu humo hadi 1977.