Reli, Mpaka na Swali la Fedha: Kutoka Labouchere hadi Okiya Omtatah

Historia ya wabunge waliothubutu kuihoji serikali kuhusu fedha za umma katika ukanda wa Busia na Tororo haitenganiki na historia ya reli, kwa sababu reli ilichangia kuuchora mpaka wenyewe. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Ziwa Viktoria mnamo Desemba 1901, na wakati huo Kisumu pamoja na sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ya leo zilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamishia mkoa huo katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa sababu zao ilikuwa kuiweka njia nzima ya reli chini ya utawala mmoja. Ndipo Wateso na Wasamia walipojikuta wamegawanywa kati ya nchi mbili, ilhali Kirewa, eneo la Wajopadhola katika Budama Magharibi, lilibaki upande wa Uganda. Watu wa huko hawakuulizwa neno, si juu ya mpaka wala juu ya gharama.

Aliyeuliza alikuwa mbali sana nao. Henry Labouchere, mbunge wa Northampton katika Bunge la Uingereza, aliupinga mradi huo kwa ukali, akitaka kujua reli hiyo ingemfaidi nani na ingemrudishia nini Mwingereza aliyelipa kodi. Bunge lilikuwa limeidhinisha pauni milioni 3, na kazi ilipokamilika gharama ilikuwa imevuka milioni 5. Swali la Labouchere lilikuwa halali, lakini lilikuwa na pengo kubwa: Mwafrika aliyechukuliwa ardhi ili reli ipite, na ambaye muda si mrefu angetozwa kodi ya kibanda, yaani malipo yaliyodaiwa kwa kila nyumba ili kugharimia utawala wa kikoloni, hakuwa na mwakilishi ndani ya ukumbi ule. Fedha zilihojiwa kwa niaba ya mlipakodi wa London pekee.

Uhuru ulimpa mwananchi mbunge wake, ila haukumpa mbunge huyo usalama. Nchini Uganda, Daudi Ocheng aliwasilisha hoja bungeni mnamo Februari 1966 akitaka Kanali Idi Amin asimamishwe kazi na kuchunguzwa kuhusu dhahabu na fedha zilizotoka Kongo, na Bunge likaiunga mkono hoja hiyo karibu kwa kauli moja. Kabla mwezi huo haujaisha, Waziri Mkuu Milton Obote aliwakamata mawaziri wake watano wakiwa mkutanoni, akiwemo Balaki Kirya wa mashariki mwa nchi, kisha akaisimamisha katiba. Amin, aliyekuwa amehojiwa, akapanda cheo. Nchini Kenya, Martin Shikuku wa Butere na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa katika viwanja vya Bunge mnamo Oktoba 1975, wakawekwa kizuizini, yaani wakafungwa bila kushtakiwa wala kuhukumiwa, kwa sheria ya kuhifadhi usalama wa umma.

Tukio linalokaribiana zaidi na mambo ya leo ni la mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika na shirika la pamoja la reli likagawanyika. George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki, alisimama Bungeni kuhoji jinsi zabuni ya mabehewa ya reli ilivyotolewa, na mnamo Mei mwaka huo naye akatiwa kizuizini, asiachiliwe hadi Desemba 1978. Kinga ya Bunge, ambayo ni haki ya mbunge kutoshtakiwa kwa maneno aliyoyasema ukumbini, haikumfaa kitu, kwa sababu kumweka mtu kizuizini hakukuhitaji mashtaka. Swali lake lilibaki katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala, bila yeyote kulazimika kulijibu.

Mlango wa mahakama nao ulikuwa umefungwa. Wangari Maathai alipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1989 kupinga ujenzi wa jengo refu katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, kesi yake ilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko raia mwingine. Kwa kanuni hiyo, mali iliyokuwa ya wote haikuwa na mtu wa kuitetea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliiondoa kanuni hiyo: kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa manufaa ya umma, kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 227 kinaitaka serikali inunue bidhaa na huduma kwa njia ya haki, ya wazi na ya ushindani.

Okiya Omtatah Okoiti, aliyezaliwa mwaka 1964 katika eneo la Teso, Busia, na aliyejulikana kwanza kama mwandishi wa tamthilia, ndiye aliyeitumia ruhusa hiyo kuliko karibu Mkenya mwingine yeyote, tena bila kuwa wakili. Mwaka 2014 alifika mahakamani kupinga mkataba wa reli mpya ya kisasa, maarufu kama SGR, ambao Shirika la Reli la Kenya lilikuwa limeupa kampuni ya China Road and Bridge Corporation bila zabuni ya ushindani, ilhali kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imefanya upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa awali wa kuamua kama mradi unafaa na utagharimu kiasi gani. Sehemu ya kwanza, kutoka Mombasa hadi Nairobi, iligharimu takriban shilingi bilioni 327, na asilimia 90 hivi ya fedha hizo ilikopwa kutoka Benki ya Exim ya China. Mwananchi alikwisha kuanza kuilipia tangu 2013 kupitia ushuru wa asilimia 1.5 uliotozwa bidhaa zinazoingizwa nchini.

Safari ya kesi hiyo yastahili kuangaliwa kwa makini. Mahakama Kuu iliitupilia mbali mnamo Novemba 2014, pamoja na nyaraka ambazo Omtatah alikuwa amezitegemea, kwa sababu zilikuwa zimepatikana kinyume cha sheria. Raia akajikuta anatakiwa kuthibitisha uovu kwa karatasi ambazo serikali haikutaka kuzitoa. Treni ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Mnamo Juni 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba ununuzi huo ulikiuka katiba na sheria, lakini fedha zilikuwa zimeshatumika, na mnamo Juni 2023 Mahakama ya Upeo ikaitengua hukumu hiyo. Anayehesabu ushindi na kushindwa atasema Omtatah alishindwa. Hata hivyo, kwa miaka tisa serikali ililazimika kueleza kwa maandishi, mbele ya majaji, ni kwa sheria ipi iliacha zabuni, na Anyona hakuwahi kupewa jibu la namna hiyo hata siku moja.

Agosti 2022 watu wa Busia walimchagua Omtatah kuwa seneta wao. Seneti ya Kenya iliundwa ili kulinda maslahi ya kaunti, na haina kauli katika miswada inayohusu fedha za kitaifa peke yake, hivyo Mswada wa Fedha wa 2023 ulipita bila maseneta kuupigia kura. Sheria hiyo iliongeza kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kumkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Mahali kama Busia na Malaba, ambako bei ya upande mmoja hupimwa kila asubuhi dhidi ya bei ya upande wa pili, kodi ya mafuta humgusa mwenye lori, mwenye bodaboda na mama anayevusha ndizi kabla haijamgusa mtu wa Nairobi.

Omtatah, pamoja na walalamishi wengine, aliipinga sheria hiyo mahakamani. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliufuta ushuru wa nyumba kwa kuwa ulitozwa wenye ajira rasmi pekee na haukuwa na msingi kamili wa kisheria, na serikali ikalazimika kutunga sheria nyingine mwezi Machi 2024. Julai 31, 2024, wiki chache baada ya vijana kuandamana hadi Bungeni na Rais William Ruto kuuondoa mswada wa mwaka huo, Mahakama ya Rufani iliitangaza sheria yote ya 2023 kuwa batili. Oktoba 29 Mahakama ya Upeo ikairejesha. Wanaomlaumu husema huchelewesha kazi ya serikali iliyochaguliwa. Lawama hiyo ina uzito wake, kwani bajeti haiwezi kuendeshwa kwa amri zinazobadilika kila baada ya miezi michache, lakini ufumbuzi uko kwa wanaotunga sheria kufuata utaratibu tangu mwanzo, wala hauko kwa raia kunyamaza.

Upande wa pili wa mpaka haukukosa sauti. Geofrey Ekanya, aliyeiwakilisha Tororo Bungeni na kuwa msemaji wa upinzani kuhusu masuala ya fedha, alijenga jina lake kwa kudai hesabu za serikali ziwekwe wazi, na kifungu cha 137 cha Katiba ya Uganda ya 1995 kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Katiba. Fursa ya kukitumia imekaribia. SGR ya Kenya ilisimama karibu na Naivasha mwaka 2019 na mkopo wake unalipwa bila reli hiyo kufika Malaba. Nayo Uganda, mnamo Oktoba 2024, ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki mkataba wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa yuro bilioni 2.7. Njia hiyo inaanzia katika wilaya ya Tororo, ambako Kirewa iko, na wabunge wa wilaya hiyo wanalo sasa jukumu la kuuliza mkandarasi alichaguliwa vipi, mkopo una riba gani, na treni itaunganishwa na nini pale mpakani iwapo reli ya Kenya itakuwa bado haijafika.