Nyumba ya Magurudumu Haingoji Tufani

Juma hili, ndugu msomaji, nataka tuzungumze habari za nyumba zenye magurudumu. Huko Marekani wako watu ambao makao yao si nyumba ya matofali wala ya mbao, bali ni gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, au ni tela la kuishi linalokokotwa na gari. Wastaafu wa nchi ile huyapenda sana. Baridi ikianza kaskazini, wao hushika njia kuelekea jimbo la Florida kuota jua. Desturi hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1919, katika bustani moja mjini Tampa, wasafiri wa namna hiyo waliunda chama chao, wakajiita Watalii wa Makopo.

Lakini Florida, pamoja na jua lake lote, iko katika njia ya tufani. Kuanzia Juni hadi Novemba watu wa huko hutazama bahari kwa mashaka. Sasa tufani inapokaribia, mwenye nyumba ya magurudumu afanyeje? Wako wasemao: nitabaki humu humu, nitalifunga tela kwa minyororo, upepo utapita. Mimi nasema historia imekwisha kulijibu swali hilo, na jibu lake liligharimu roho za watu.

Turudi mwaka 1935. Kusini kabisa mwa Florida kuna msururu wa visiwa vidogo vilivyo chini sana, karibu sawa na bahari. Serikali ilikuwa imepeleka huko mamia ya askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza kujenga barabara. Hawa walikuwa watu maskini. Miaka mitatu kabla, wengi wa wenzao walikwenda Washington kudai malipo yao ya vita, wakafukuzwa na jeshi lile lile walilolitumikia. Huko visiwani walilala katika mahema na vibanda vya mbao.

Tarehe 2 Septemba, siku ya mapumziko ya wafanyakazi, tufani ilikuwa njiani. Habari zake zilijulikana. Wale askari hawakuwa na magari yao wenyewe. Walitegemea treni itoke Miami kuwachukua. Treni iliitishwa ikiwa muda umekwisha kwenda. Iliondoka alasiri, ikakawia njiani mara hii na mara ile, ikafika kituo cha Islamorada usiku, saa mbili na dakika kadhaa. Muda mfupi baadaye bahari ilipanda juu ya kisiwa. Mabehewa yote yalipinduliwa kutoka kwenye reli, kikabaki kichwa cha treni peke yake kimesimama. Watu zaidi ya 400 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa wale askari.

Mwandishi mashuhuri Ernest Hemingway, aliyekuwa akiishi Key West wakati huo, alikwenda mwenyewe kwa mashua kusaidia, akaiona maiti juu ya maiti. Mwezi huo huo aliandika makala ya hasira kutaka kujua ni nani aliyewaacha watu wale mahali pale katika msimu wa tufani. Nami naliona swali lake kuwa ndilo kiini cha jambo. Magurudumu yalikuwepo, reli ilikuwepo, hata habari zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema mapema: ondoeni watu sasa.

Sasa twende mwaka 1992. Tufani iliyopewa jina la Andrew ilikuwa karibu kufa baharini siku ya Alhamisi, tarehe 20 Agosti. Jumamosi ilikuwa imepata nguvu tena, na kabla ya mapambazuko ya Jumatatu ikaingia kusini mwa Miami. Katika mji wa Homestead palikuwa na nyumba 1,176 za aina ile inayotengenezwa kiwandani na kuletwa juu ya magurudumu. Baada ya tufani, nyumba 1,167 kati ya hizo zilikuwa zimeteketea kabisa. Zilisalia tisa! Nazo ziliitwa nyumba za kuhamishika, ingawa nyingi za aina hiyo zikishafika kiwanjani hufungwa chini na hazisogei tena.

Hata hivyo, katika Florida nzima watu waliouawa na tufani yenyewe walikuwa 15. Wa mwaka 1935 walikuwa zaidi ya 400. Tofauti hiyo haikuletwa na uimara wa mabati. Ililetwa na amri ya kuhama iliyotoka Jumapili mchana kweupe, na mamia ya maelfu ya watu walioitii. Na wale waliobaki walikuwa na sauti ya kuwaongoza. Mtabiri wa hali ya hewa wa televisheni moja ya Miami, Bryan Norcross, alikaa hewani usiku kucha, sauti yake ikipokelewa na redio baada ya umeme kukatika, akiwaambia watu waingie chumba cha ndani na kujifunika magodoro. Sisi tunaofanya kazi ya redio tuna la kujifunza hapo.

Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilikaza masharti ya ujenzi wa nyumba hizo za kiwandani. Lakini gari la kuishi halimo katika masharti hayo. Ni jepesi, ni refu kwenda juu, na upepo wa tufani hulipindua kama boksi tupu. Faida yake ni moja tu: linaweza kuondoka. Likingoja mpaka barabara zijae magari na upepo uanze kuvuma, faida hiyo nayo imekwisha.

Na sisi je? Tufani iliyoipiga Unguja Aprili 1872 ilivunja majahazi na kung'oa mikarafuu bila mtu kuonywa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipolikaribia pwani ya Tanzania, wataalamu walitangaza mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Hayo ni maendeleo. Lakini mvuvi asiye na redio, na bibi kizee asiye na nauli, wao huambiwa na nani, na huchukuliwa na gari gani? Wale askari wa 1935 nao hawakuwa na gari. Mipango ya kuhamisha watu ianzie kwa watu kama hao, tena ianze anga ikiwa bado nyeupe. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Hadi juma lijalo, kwaherini.