Kulinganisha kwa Kiingereza: Sheria Changa ya Lugha Kongwe

Katika mtaa wa Naguru, mjini Kampala, ambako baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za wafanyakazi, hata watu wa makabila mbalimbali wakawa majirani, Kiingereza kimedumu na hadhi ya lugha ya ofisi na ya mtihani. Na mtaala wa mwaka 2007, uliotaka madarasa matatu ya mwanzo yasomeshwe kwa lugha za wenyeji, uliiacha miji kama Kampala iendelee nacho.

Miongoni mwa kanuni zake, ile ya kulinganisha sifa humtaabisha mno mwanafunzi. Kwani Kiganda husema 'okusinga' na Kiswahili 'kuliko', sifa yenyewe ikabaki ilivyo, ilhali Kiingereza humtaka aiongezee sifa fupi kiambishi '-er', aitangulizie sifa ndefu neno 'more', wala asithubutu kuyachanganya mawili hayo akasema 'more better'.

Lakini sheria hii, isomeshwayo kana kwamba imeteremshwa, ina umri mdogo kuliko lugha yenyewe. Waingereza wa kale, yapata miaka 1,000 iliyopita, waliambatisha '-ra' kwa sifa fupi na ndefu pia. Desturi ya kutanguliza 'more' ilienea katika karne zilizofuata, na kwa muda mrefu njia hizo mbili zilitumika sambamba, na mara nyingine pamoja. Shakespeare, katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, alimtamkisha Antony sifa iliyozidishwa mara mbili, kwa 'most' na kwa '-est'. Hukumu ilikuja mwaka 1762, pale Robert Lowth, aliyepata kuwa Askofu wa London baadaye, alipotoa sarufi yake mashuhuri na kuukataa ulinganisho maradufu.

Hata hivyo hukumu hiyo ilikuta mengine yamekwisha kukita mizizi: 'near' hapo kale ilimaanisha 'karibu zaidi', na watu walipoisahau asili yake wakaiongezea '-er' wakapata 'nearer', na 'lesser' nayo ni hivyo hivyo, wala hakuna mwalimu anayeikata kwa wino mwekundu.

Basi mwalimu wa Naguru anayesahihisha 'more better' ana haki yake, maana mtihani una masharti. Lakini ni insafu amwambie pia mwanafunzi kwamba hakukosa kwa upungufu wa akili wala wa lugha ya mama, bali amesema walivyokuwa wakisema Waingereza wenyewe kabla wanasarufi wao hawajakataza.